Nna laki 7, nichukue kamera gani ya kuanzia kwa shughuli za wanawake?

BintiChumbageni:
Wakuu habarini. Mi nipo Tanga, mpaka sasa napiga picha kwa simu tu ila watu wameanza kuniita kwenye shughuli, na hasa zile za wanawake peke yao, singo, hina, kitchen party, maana bi harusi anakuwa kashavua mtandio na hataki mwanaume mwenye kamera humo ndani. Kwahiyo kazi ipo. Shida ni usiku ndani, simu inatoa chenga tupu na ile hina mkononi haionekani hata maua yake. Nimejikusanya nna laki 7 yote kwa yote. Kuna Canon 4000D mpya dukani na lenzi yake ya kuvuta ya 18-55mm, kuna kaka anauza 700D used nayo na 18-55, na mwingine ana Nikon D3300. Used naogopa jamani. Nataka niwe nayo kabla ya Ramadhani maana Mfunguo Mosi ukiingia harusi zinafuatana. Nichukue ipi?

Fundi_Mwanga:
Dada chukua used, na usimwage hela yote kwenye bodi, yaani kamera bila lenzi. 4000D ni ya 2018 na 700D ni ya 2013, mtu akisikia hivyo anaona mpya ndo bora, lakini zote ni megapikseli 18, yaani unasafisha picha ya A3 ya ukutani bila wasiwasi. Tofauti ipo kwengine. 700D ina pointi 9 za fokasi na zote ni zile za msalaba (zinasoma mistari ya wima na ya mlalo), 4000D nayo ina 9 ila ya msalaba ni ya katikati peke yake, kwahiyo kwenye giza ndo utaona moja inakamata na nyingine inatangatanga. Pia 700D kioo kinafunguka kwa pembeni na kinagusika, ukitaka kupiga mkono wa bi harusi kwa juu bila kupanda kiti unakigeuza tu.
Hela inayobaki nunua 50mm f/1.8 STM. Hiyo ndo itakayokupa kazi. Ile 18-55 ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu, hii ya 1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi (namba ikiwa ndogo tundu la lenzi ni kubwa). Kama 700D inakula hela yote basi shuka 600D, ni ya zamani kidogo (2011) lakini ubaki na hela ya lenzi. Na ukikuta bodi imeandikwa Kiss X7i au Rebel T5i usishangae, ni 700D hiyohiyo ya masoko mengine.

jr_kipepeo:
Mi napingana na mkuu hapo juu, mtu anaeanza hajui kukagua used, akiuziwa bomu laki 7 imeenda na hana pa kurudisha. Mpya ina waranti anakaa kwa amani. 4000D inapiga picha nzuri tu na hiyo 50mm atanunua baadae akishapata kazi mbili tatu.

Fundi_Mwanga:
@jr_kipepeo ungekuwa sahihi kama angepiga mchana nje. Huyu anapiga usiku ndani, lazima siku moja atafunga flashi, na 4000D pale juu inapokaa flashi wametoa ile pini ya katikati. Flashi za bei rahisi zinazotegemea hiyo pini, mfano YN560, hazitawaka kabisa. Sasa anaeanza na laki 7 ndo aje kutafutiwa flashi ya Canon yenyewe? Waranti haimsaidii hapo.

MamaShughuli_Mvita:
Salaam dadangu, mimi niko Mombasa na kazi yangu ndiyo hiyo yako. Nakuombea kheri, wanawake wanatuhitaji sana katika fani hii. Flashi usimuelekeze nayo mtu usoni, igeuze iangalie dari, ikiwa dari ni nyeupe mwanga huteremka laini na uzi wa dhahabu kwenye nguo huonekana wote. Dari ikiwa ya mbao au makuti haikufai, tafuta ukuta mweupe. Na hiyo 50mm ni tamu kwa uso na mikono lakini kwa kamera hizi zenye sensa ndogo huwa kama 80mm, yaani huona eneo dogo, chumba kikiwa kidogo utarudi nyuma mpaka mgongo uguse mlango na bado shangazi wote hawajaingia, kwa hivyo ile 18-55 usiiuze.
Jengine, sisi wa pwani adui yetu ni ukungu (fangasi) unaoota ndani ya lenzi. Usiifungie kamera kwenye begi la ngozi kabatini. Tia kwenye kontena la plastiki linaloziba vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Mchele usitie, una vumbi.
Na picha za wateja wako ni amana. Usimtumie mtu yeyote isipokuwa mwenyewe, na usiku uleule zitoe kwenye simu ikiwa uliwahi kuzihamishia huko.

nikonia255:
D3300 si mbaya, megapikseli 24, ila haina mota ya fokasi ndani ya bodi. Lenzi lazima iwe na mota yake yenyewe, mfano AF-S, ukiuziwa 50mm ya AF-D kwa bei poa utakuwa unazungusha kwa mkono. Ukienda Nikon tafuta 35mm f/1.8G DX, kwa vyumba vidogo naipenda kuliko 50.

BintiChumbageni:
Asanteni sana, hiyo ya pini sikuijua kabisa. Basi naegemea 700D. Sasa nikionana na huyo kaka naangalia nini?

Fundi_Mwanga:
Nenda mchana, na memori kadi yako. Weka f/22, piga ukuta mweupe au mbingu makusudi bila fokasi, halafu kuza picha. Vidoa vyeusi ni vumbi kwenye sensa, linasafishwa, ila ukiona mstari uliosimama wima au mchubuko achana nayo. Lenzi itoe, mulika tochi ya simu kwa nyuma, ukungu unaonekana kama nyuzi za buibui, hapo usikubali hata kupunguziwa. Shata ya 700D (kile kipazia kinachofunguka kila ukipiga) imekadiriwa mapigo laki moja, na Canon hesabu haiandiki ndani ya picha kama Nikon, kwahiyo mwambie mapema mtafute laptopu na waya mpate kuisoma. Washa ile flashi ndogo, zungusha gurudumu la modi lote, piga picha mfululizo mpaka uone betri inashukaje. Betri yake ni LP-E8, na chaja uichukue palepale. Hela usitume kabla hujaishika mkononi.

MamaShughuli_Mvita:
Na nenda na mtu, usende peke yako.

BintiChumbageni:
Nimempigia, tunaonana Jumamosi saa nne asubuhi, naenda na kaka yangu ana laptopu.