Bili za maji za ghorofa: wapangaji tunalipishwa maji yanayomwagika juu ya paa

Wadau, hili la bili za maji kwenye maghorofa limezidi sasa. Mpangaji anatumiwa ujumbe wenye jumla ya kulipa, basi. Hakuna namba ya mita, wala usomaji wa mwezi uliopita. Akiuliza hesabu, anaambiwa "matumizi yameongezeka".

Tuifanye hiyo hesabu hapa. Jengo lina mita kuu, na kila nyumba ina mita yake ndogo. Tuseme mwezi huu mita kuu imesoma uniti 160 (uniti moja ni lita 1,000), na mita ndogo zote zikijumlishwa zinaleta 128. Uniti 32 hazikupita kwa mpangaji yeyote. Msimamizi anachukua bili nzima ya 160, anaigawa kwa 128, na jibu ndilo analoliita bei ya uniti. Bei imepanda kwa robo kimyakimya! Aliyetumia uniti 12 analipia 15.

Hizo 32 zimekwenda wapi? Anzeni na tenki la juu. Boya likilegea au mpira wa valvu ukilika, maji hayakati. Usiku presha ikipanda yanamwagika kupitia bomba la kutolea maji ya ziada mpaka asubuhi. Angalieni ukuta chini ya bomba hilo. Ukiwa na mchirizi wa kijani unaoteleza hata wakati wa jua kali, hela zenu zinapita hapo. Ongezeni bomba la kuoshea ngazi, bomba la mlinzi, na mabomba ya chini ya sakafu yanayovuja kabla maji hayajafika kwenye mita zenu. Yote haya ni ya mwenye jengo kuyatengeneza, lakini atayatengeneza kwa haraka gani kama hasara inabebwa na wengine?

Na pale ambapo bei ya uniti hupanda kwa ngazi kadiri matumizi yanavyoongezeka, nyumba kumi zinazotumia uniti 10 kila moja zinahesabiwa kama mteja mmoja wa uniti 100, kwa hiyo sehemu kubwa inaangukia ngazi ya juu. Mwenye mkataba na mamlaka ya maji ndiye wa kwenda kuomba idadi ya makazi izingatiwe, si mpangaji.

Kabla hamjaenda kudai, kagueni upande wenu ili msije mkanyamazishwa. Funga koki zote za ndani, kisha tazama kile kinyota kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, kuna maji yanapotea kwako. Funga na koki ya tenki la choo. Kikisimama, mkosaji ni choo. Choo kinachovuja lita moja kila dakika tano kinakula lita 288 kwa siku, zaidi ya uniti 8 kwa mwezi, na hutasikia chochote.

Kisha funga koki iliyo kwenye mita yenyewe. Nyumba yako isipokauka, huenda mita unayolipia ni ya jirani. Hili hutokea sana, mafundi wanachanganya mabomba.

Kupima mita, chota ndoo tano za lita 20 zilizojaa sawasawa hadi kwenye alama. Mita ipande 0.1 ya uniti. Ikipanda 0.12, dai ibadilishwe. Lakini kwa bili soma tarakimu nyeusi tu: nyekundu ni sehemu ya uniti. Msomaji akiunganisha tarakimu moja nyekundu, 347 inageuka 3475.

Tunachodai ni hiki: kila bili iandike usomaji wa mwanzo na wa mwisho, picha ya mita, na nakala ya bili ya mita kuu. Mita zote zisomwe siku moja, maana mita kuu ikisomwa tarehe 25 na zetu tarehe 5, tofauti haieleweki kabisa. Tofauti iandikwe peke yake, bila kufichwa ndani ya bei. Na ada ya huduma inayotozwa mara moja kwa mita kuu igawanywe. Kumtoza kila mpangaji ada nzima ni kuikusanya mara kumi.