Mtafsiri wetu wa filamu amepiga kelele katika nusu saa ya kimya, kisha akanitukana mbele za watu

Wakuu, nawasalimu, ingawa moyo bado unachemka. Nimetoka ukumbini sasa hivi, hata viatu sijavua, na ninaandika kabla sijalala kwa sababu nikilala na hasira hii nitaamka nayo. Jina lake silitaji. Kila mkazi wa Dodoma aliyewahi kulipa kiingilio cha filamu iliyotafsiriwa anaijua sauti ile, kuanzia Majengo mpaka Nkuhungu, na wengine wanaijua bila kulipa chochote, kwa kuwa akishika kipaza sauti husikika Msalato.

Usiku huu ulionyeshwa Rififi, mkanda wa Kifaransa wa mwaka 1955 ulioongozwa na Jules Dassin, Mmarekani aliyehamia Ulaya baada ya kufungiwa milango Hollywood kwa tuhuma za ukomunisti. Wezi ni wanne tu: Tony, aliyetoka jela karibuni na anakohoa, Jo, mwenye mtoto mdogo, Mario, na César, fundi wa kufungua sefu kutoka Italia, ambaye Dassin mwenyewe ndiye aliyemwigiza. Wanavunja duka la vito jijini Paris, na wizi huo unachukua karibu nusu saa bila neno kusemwa wala muziki kupigwa. Wanatoboa sakafu ya nyumba iliyo juu ya duka, wanapitisha mwavuli uliofungwa kwenye tundu, kisha wanaufungua upande wa chini ili vifusi vidondokee humo visigonge sakafu. King'ora wanakinyamazisha kwa povu la mtungi wa kuzimia moto. Mtazamaji naye anabana pumzi, maana anajua kwamba kishindo kimoja tu kitawafunga wote.

Sasa niambieni, wakuu: pasipo na neno, mtu anatafsiri nini?

Bwana huyu alitafsiri. Mwavuli ulipoanza kushuka, akauliza kwa sauti kuu kama Paris kuna mvua. Povu lilipoingia kwenye king'ora, akatangaza bei ya sabuni anayouza shemeji yake. Kisha likaja lile ambalo sitalisahau mpaka naingia kaburini. César alikuwa hajaigusa ile pete, nasema hajaigusa, mtafsiri akasema: "Mwangalieni huyu, sasa hivi ataiba pete akampe mwanamke wa klabu, na pete hiyo itawaua wote."

Filamu nzima inasimama juu ya pete ile. Mzigo unakadiriwa kuwa na thamani ya faranga milioni 240, wamekubaliana kugawana, na bado mmoja wao anaona haumtoshi mpaka achukue na pete kwa siri. Pete inaonekana kidoleni kwa mwimbaji, mwenye klabu anaiona, anaunganisha mambo, na kuanzia hapo ni damu. Hayo yote tuliyapokea kwa sentensi moja, kabla mkono wa César haujafika.

Nikasimama, nikamwomba kwa adabu: "Kaka, tafadhali, hapa hawazungumzi, tuache tutazame." Akakisogeza kipaza sauti mdomoni, ukumbi mzima usikie: "Baba mwenye koti, ukitaka kimya nenda kalale makaburini." Watu wakacheka! Wakacheka wakati pete inachukuliwa, na hakuna hata mmoja aliyeiona ikichukuliwa. Nimelipa kiingilio kama wao, wakuu.

Zabibu Chungu: Pole sana, mkuu. Nilikuwa safu ya nyuma na ninathibitisha habari ya sabuni. Umesahau kwamba Tony alimwita Mzee wa Mpwapwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwana wa Makole: Mleta uzi, unamlaumu aliyeitaja pete kabla ya wakati, na wewe umetutajia sisi ambao hatukuwepo. Nilipanga kwenda kesho.

Mleta uzi: Mkuu, mimi sijasema nani anakufa.

Mwana wa Makole: Umeandika "itawaua wote".

Mleta uzi: Hayo ni maneno yake, nimeyanukuu kama yalivyo ili mwone ubaya wake.

Dada wa Chang'ombe: Tusiwabeze watafsiri wote. Mama yangu hajui Kifaransa na maandishi ya chini yanapita haraka mno kwake; bila mtafsiri asingeelewa kwa nini Tony anampiga risasi César, yaani kwamba César aliwataja wenzake. Ila baba mwenye koti ni wewe kweli? Koti la nini na joto la leo?

Mleta uzi: Dada yangu, koti halihusiki hapa. Pete ilikuwa haijaguswa.

Kisasa Kwetu: Afadhali ninyi mliufikia mwisho. Kibanda umiza cha mtaani kwetu huzima filamu dakika chache kabla haijaisha ili waweke mpira. Mkanda huohuo tulionyeshwa mwezi uliopita: Tony anaendesha gari huku anavuja damu, mtoto wa Jo anacheza garini, mara skrini ikageuka kijani na tukaona wachezaji wanapasha misuli. Mpaka leo sijui kama mtoto alifika kwa mama yake.

Zabibu Chungu: Alifika.

Kisasa Kwetu: Na stelingi?

Mwana wa Makole: Stelingi hafi.

Zabibu Chungu: Katika mkanda huu anakufa, mkuu, tena akiwa kwenye usukani.

Mwana wa Makole: Basi kesho siendi.

Mleta uzi: Wakuu, naomba turudi kwenye hoja. Mtu ametukanwa hadharani, na pete...

Dada wa Chang'ombe: Kisasa, hao wanaozima filamu wanarudisha kiingilio?

Kisasa Kwetu: Hawarudishi. Wanadai kiingilio kingine cha mpira, na anayetoka kukataa kulipa anakuta kiti chake kimekaliwa.

Zabibu Chungu: Ilikuwa mechi kubwa, angalau?

Kisasa Kwetu: Ilikuwa marudio, mkuu. Walitukatia filamu kwa mechi ambayo matokeo yake kila mtu aliyajua tangu jana yake.

Mwana wa Makole: Marudio! Fungua uzi wako usiku huuhuu, Kisasa. Sote tunahamia huko.