Mdogo wangu anagawa vitu vyake, naomba ushauri

Jamani, naomba mnisaidie mawazo. Mdogo wangu wa kiume, miaka 24, anaendesha boda hapa Arua, Uganda. Tangu pikipiki yake ya mkopo ichukuliwe amebadilika. Hali chakula vizuri, usiku hasinzii. Juzi alimpa rafiki yake simu na viatu vyake vipya, kisha akaniambia, "Dada, nyinyi mtapumzika bila mimi." Mama anasema ni stresi tu, tumwombee. Maombi sikatai, lakini ile sauti yake ilikuwa tulivu mno.

Jana nilijikaza nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Niliogopa kumtia wazo kichwani, ila muuguzi mmoja aliwahi kunieleza kwamba kuuliza hakupandi wazo, kunampa mtu nafasi ya kusema. Akalia. Hakukana. Tangu hapo hatumwachi peke yake, na dawa za kunyunyizia mihogo nimezipeleka kwa jirani.

Sasa hataki hospitali. Anaogopa polisi, maana sheria yetu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na anaogopa kuitwa "wa Butabika", ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Kampala. Najua hospitali ya rufaa hapa ina kitengo cha afya ya akili, si lazima afike Kampala. Kesho asubuhi nataka twende.

Aliyewahi kumpeleka ndugu yake: ulimwambiaje hadi akakubali? Na Mama nimwambie yote, au nisubiri daktari amwone kwanza?