Sampuli za marudio hazinyooki: mikwaruzo ikiisha, vilima vinaanza

Mchekecho_Ziwa aliuliza:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua kung'arisha sampuli za mawe kwa ajili ya hadubini. Niko kwenye maabara ndogo huku Kanda ya Ziwa, mwezi wa nne sasa. Mwenye mtambo mmoja wa uchenjuaji katuletea marudio yake, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa baada ya kutolewa dhahabu. Anataka kujua dhahabu iliyobaki humo imekaaje: iko huru, au imefungwa ndani ya pairaiti (madini ya njano ya chuma na salfa) ambako sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, haiifikii. Kazi ya kuangalia nimeachiwa mimi.

Nafanya hivi. Nakausha marudio, nachanganya na epoksi (gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu) kwenye kikombe cha milimita 30, naacha usiku kucha, asubuhi natoa kidonge. Nakipiga msasa wa maji namba 240, 400, 600 na 1200, kila mmoja dakika mbili. Kisha unga wa almasi wa maikroni 6, 3 na 1 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) juu ya kitambaa chenye manyoya, kama mahameli. Mashine ni ya sahani moja, kidonge nakishika kwa mkono.

Nikiangalia, mikwaruzo imejaa kama njia za ng'ombe kwenda mtoni. Narudi kwenye kitambaa, nakaa nusu saa, siku nyingine saa nzima. Mikwaruzo inapungua, lakini sasa kila punje imezungukwa na kivuli cheusi. Nikilenga pairaiti, epoksi inapotea. Nikilenga epoksi, pairaiti inakuwa ukungu. Lenzi kubwa ndiyo haifai kabisa. Bosi anasema niongeze muda kwenye kitambaa. Nakosea wapi?

Tajiri_wa_Vifaa:

Nunueni mashine inayoshika vidonge sita kwa pamoja na kuvikandamiza kwa nguvu sawa. Kushika kwa mkono ni mambo ya kale.

Mchekecho_Ziwa:

Mkuu, hata hizo karatasi za msasa tunanunua kwa kuhesabu.

MzeeMsasa:

Kijana, mwambie bosi wako kwa adabu kwamba kitambaa hakijawahi kunyoosha kitu. Kitambaa kinatia mng'ao tu. Unyoofu unautafuta kwenye msasa, na ukifika kwenye kitambaa bila kuwa nao ndiyo umeukosa. Nimefanya kazi hii tangu tulipokuwa tunasaga kwa unga wa silikoni kabaidi juu ya kioo cha dirisha, na mikono yangu bado haina alama za vidole zinazosomeka. Kwenye kuandikisha laini ya simu nahangaishwa kweli.

Tazama unachokifanya. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatzi ni 7, pairaiti ni 6 hadi 6.5, dhahabu ni 2.5 hadi 3, na epoksi ndiyo usiseme. Manyoya ya mahameli yanainama na kuingia kila mahali palipo laini. Kila dakika unayokaa pale unachimba epoksi na kuacha pairaiti imesimama kama kisiwa. Hicho kivuli cheusi ni mteremko wa ufukwe wake: mwanga ukiupiga unakimbilia pembeni, haurudi kwenye lenzi. Unafuta mikwaruzo kwa kujenga vilima.

Sasa mikwaruzo yenyewe imetoka wapi? Geuza hizo karatasi za msasa usome nyuma. Zipo zenye herufi P kabla ya namba na zipo zisizo nayo. Zenye P ni za kipimo cha Ulaya, nyingine ni za Marekani, na namba hazilingani. P1200 ina punje za maikroni 15 hivi, na 600 ya Kimarekani ni maikroni 16. Kama ulinunua duka hili na lile, basi umepanda ngazi mbili zenye kimo kimoja ukidhani umepiga hatua.

La pili, achana na saa ya ukutani. Dakika mbili kwa karatasi mpya na dakika mbili kwa karatasi iliyokufa si kitu kimoja. Saga upande mmoja mpaka mikwaruzo yote iangalie njia moja. Ukibadilisha namba, geuza kidonge robo ya mzunguko. Utaona mikwaruzo mipya ikiikata ya zamani. Ya zamani ikiisha yote, usiondoke, ongeza muda uleule tena, kwa sababu chini ya mkwaruzo unaouona pana jiwe lililopasuka usiloliona kwa macho. Kabla ya kuanza, punguza ncha za ukingo kwa msasa, zisije zikachana kitambaa.

Ukitaka kujua kama uso ni bapa, chukua kalamu ya wino mzito, chora mistari ya kukatana kama wavu wa samaki juu ya kidonge. Kisugue mara nne tano tu kwenye msasa. Wino ukibaki upande mmoja, mkono wako unalalia upande wa pili. Wote tunalalia upande, mimi ni wa kidole gumba.

Kuosha: kila unapobadilisha namba osha kidonge, mikono, na chini ya kucha. Niliwahi kupambana siku tatu na mkwaruzo mmoja uliokuwa unarudi mahali tofauti. Nikamlaumu aliyeniuzia almasi, nikalaumu maji ya bomba. Mwisho nikakuta punje za unga wa 220 zimejificha kwenye mkunjo wa mkono wa koti langu la maabara. Tangu siku ile nasaga mikono wazi.

Kitambaa: tafuta kigumu kisicho na manyoya kwa almasi ya 6 na ya 3, ndiko kazi kubwa iishie. Mahameli yako yaache kwa maikroni 1, dakika moja au mbili, mkono mwepesi, basi. Kila almasi na kitambaa chake, kila kitambaa kwenye mfuko wake uliofungwa. Kikidondoka sakafuni kifanye cha kufutia meza.

Karakana_Mombasa:

Hii shida iko hata kwetu kwa konkriti, ingawa sisi hatuhesabu maikroni. Silinda ikiwa na mwisho wenye kinundu, mashine ya kubonyeza inakutana na hicho kinundu kwanza, inapasuka mapema na kontrakta anakuja kulia ofisini. Ndiyo maana mchemraba unabonyezwa kwa pande zilizogusa kalibu ya chuma, si ule uso uliopigwa mwiko. Ya wino nimeichukua, mzee.

Binti_wa_Mwamba:

Shikamoo mzee. Nakubali yote ila moja: usimfanye aogope kila kilima. Kikibaki kidogo sana kinasaidia. Lenga mpaka kati ya madini mawili, kisha ushushe meza ya hadubini kidogo tu. Utaona mstari mwembamba wa mwanga ukisogea, na unasogea kuelekea lililo laini. Kwa mtu anayetafuta dhahabu ya maikroni chache katikati ya pairaiti na kalkopairaiti, zote za njano njano, mstari huo unamwokoa.

MzeeMsasa:

Marahaba mwanangu. Kweli kabisa, nilikuwa nimewaka.

Sasa kijana, kuna jambo hukuuliza, na ndilo linaloninyima usingizi. Umesema unachanganya marudio na epoksi halafu unaacha usiku kucha. Kwatzi ina uzito wa 2.65 ukilinganisha na maji, pairaiti kama 5, dhahabu safi 19.3. Epoksi ikiwa bado majimaji, nani atatangulia chini? Na wewe unasaga uso gani?

Mchekecho_Ziwa:

Wa chini. Ndio unaotoka laini kwenye kikombe.

MzeeMsasa:

Basi unahesabu wazito peke yao. Hata uso huo ungekuwa kama kioo, hesabu utakayompa mwenye mtambo itasema marudio yake yamejaa pairaiti kuliko yalivyo. Uso bapa unakuonyesha vizuri kile tu kilicho mbele yako.

Mchekecho_Ziwa (siku tisa baadaye):

Wakuu nimerudi. Kweli karatasi zangu za 600 hazikuwa na P, za 1200 zilikuwa nayo. Nimenunua za aina moja, nimesaga kwa kuangalia mikwaruzo badala ya saa, kitambaa kigumu nimepata. Kivuli kimebaki uzi mwembamba. Jana nimeona chembe mbili za njano zimekaa ndani kabisa ya pairaiti, na mstari wa mwanga umeingia kwao kama dada alivyosema. Nilimwita mlinzi aje aone, hapakuwa na mtu mwingine.

Swali la mwisho: nina vidonge sita vya mwanzo. Nivitupe nianze upya?

MzeeMsasa:

Usitupe hata kimoja. Vikate wima kwa msumeno wa almasi, kutoka juu hadi chini. Vilaze ubavu kwenye kikombe, uso uliokatwa uangalie chini, umimine epoksi tena. Hapo utaona tabaka zote, wepesi juu na wazito chini, na utahesabu wote. Kisha anza na 240, na uvue koti.