Tupeane uzoefu: mama hakusoma ila anakumbuka kila kitu, baba msomi ndiye anasahau

Wakuu, habari zenu. Baba ana miaka 78, kafundisha hesabu mpaka kustaafu. Mama ana 74, hakuvuka darasa la nne. Ukitaka kujua nani kazaliwa lini na nani anamdai nani, muulize mama. Baba anarudia swali lilelile kabla sijamaliza kumjibu. Mimi nilijua elimu ni kinga. Kwenu vipi?

Mjukuu wa Bibi: Elimu ni akiba, mkuu. Aliyesoma huingia uzeeni akiwa na kumbukumbu ya juu zaidi, lakini kasi ya kushuka haipishani sana na ya wengine. Halafu wanawake kwa wastani huwazidi wanaume kukumbuka maneno na sura. Mama yako hanishangazi.

Nesi Mstaafu: Kuna bibi aliletwa kliniki na wanawe, akapewa kipimo cha MoCA, kile cha kupima kumbukumbu na kufikiri, cha alama 30. Chora saa. Nakili mchemraba. Toa 7 kwenye 100, ukipata jibu toa 7 tena. Bibi wa watu hajawahi kushika kalamu! Akafeli vibaya. Nikamuuliza habari za wajukuu. Walikuwa 19, akawataja wote kwa kufuatana, mpaka nani aliwahi kuota meno. Kipimo chenyewe humwongezea alama moja mtu ambaye miaka yake ya shule haizidi 12. Moja tu, kwa mtu ambaye hakukanyaga darasani.

Kitinda Mimba: Kwetu ilikuwa kinyume. Mama alikuwa mwalimu wa lugha, orodha ya maneno ya daktari anaimaliza bila kujikwaa. Nyumbani anaacha jiko linawaka, bili moja analipa mara mbili. Tukaambiwa yuko sawa. Baadaye sana ndipo tukaelezwa kuwa wepesi wa maneno walionao wanawake, ukichanganya na usomi, unaweza kuuficha ugonjwa wa kusahau kwenye kipimo. Ulipojitokeza, alishuka haraka mno.

Mjukuu wa Bibi: Pole sana. Inanikumbusha utafiti wa masista 678 wa Marekani, alioanzisha David Snowdon mwaka 1986. Baadhi yao ubongo ulikutwa umeharibika baada ya kufa, na enzi za uhai wao hakuna aliyeshtuka.

Mleta mada: Asanteni. Baba anaanza na kupimwa masikio, huenda nusu ya maswali hata hayasikii. Na mama nampeleka pia. Kagoma, anasema mgonjwa si yeye.