"KWANI BOTI INAJAA?" Wakuu, leo mtanisamehe

Nanga Nzito (mwanzisha uzi)

Naandika nikiwa na chumvi mwilini na mchanga masikioni, kwa hiyo msitegemee lugha ya barua rasmi.

Jina simtaji. Mnamjua. Shemeji wa taifa, bwana "nipo njiani", ambaye njia yake haijawahi kumfikisha popote kwa wakati tangu Nuhu aanze kuranda mbao.

Safari ya kisiwa cha Mbudya hapa Dar, ndugu na marafiki, vichwa 20 naye akiwemo. Boti ya vichwa 20. Cheti kipo pale, kimeandikwa kwa wino wa serikali: abiria 20, mabaharia 2. Hakuna palipoandikwa "na ushee". Kuondoka saa nne, watu wako ufukweni Kunduchi tangu saa tatu na nusu. Saa tano na nusu anatokea mtu anatembea kama bwana harusi, hajatoa hata shilingi mia ya mchango, na nyuma yake wamefuatana saba. SABA. Mke, watoto watatu, mdogo wa mke, dada wa kazi, na kijana mmoja mwenye spika begani ambaye mpaka jua linazama hakuna aliyejua ni wa nani. Akaambiwa nafasi hazipo. Akaitazama boti. Akatutazama. Akasema:

"Kwani boti inajaa?"

Kwani. Boti. Inajaa.

Mchango ulikuwa 45,000 kwa kichwa, jumla laki tisa. Boti laki nne, nusu yake amana isiyorudi. Chakula laki tatu. Inayobaki ni viingilio vya hifadhi, maji, barafu, mkaa na dharura. Na hapo nusu ya watu wametuma elfu 45 kavukavu bila ada ya kutolea, kwa hiyo kilo ya nyama imeshafia kwa wakala kabla ng'ombe hajachinjwa. Sasa mtu anadhani ukiongeza abiria umeongeza makalio tu kwenye benchi. Kila anayeongezeka anakuja na boya lake, kiingilio chake, lita moja na nusu ya maji, sahani na kipande cha samaki. Mtoto naye anahitaji boya la kipimo chake. Ukimvisha la mtu mzima, akiingia majini boya linapanda juu kivyake, mtoto anachomoka kwa chini. Maboya ya watoto yalikuwa mawili, ya watoto wawili waliokuwa kwenye orodha.

Orodha yenyewe ilishatoka. Nahodha ana nakala, na nyingine kaachiwa mtu wa nchi kavu, ili tusiporudi ijulikane wanatafutwa akina nani. Yule kijana wa spika ningemwandika nani? "Na Mwenzao"?

Eti kwani boti inajaa. Mtu mzima. Ana ndevu.

Kijiti Baharini

Nimeweka kigoda. Endeleeni.

Mbeba Hotipoti

Huyu si ndiye aliyesema "niandikeni, nitaweka kesho"? Kesho yake ina mwaka wa tatu sasa.

Fundi Mashine

Mwanzisha uzi unalia sana, unaeleza kidogo. Mtu akiuliza kama boti inajaa, mjibu kifundi. Boti ya faiba yenye mashine nyuma inatakiwa inyanyuke, iteleze juu ya maji. Ukiipa saba wa ziada hainyanyuki, inalima kama trekta. Pua inatazama mbinguni, nyuma kumezama, na wimbi linalokufuata linaingia ndani bila hodi. Mafuta yaliyopimwa kwenda na kurudi yanakuishia ukiwa unarudi. Halafu saba wenyewe hawakai. Mmoja akipaza sauti "pomboo wale!" wote wanahamia upande mmoja na simu zao. Boti haipinduliwi na upepo peke yake, wapiga picha nao wana mchango.

Na hiyo kamba nyekundu ya swichi ya kuzimia mashine avae nahodha mkononi. Naiona kila siku imening'inizwa kwenye msumari kama tasbihi.

Bint Tanga Mbili

Mimi sina shida na shemeji, nina shida na wewe Nanga Nzito. Jana mwezi ulikuwa mpevu. Nani alikutuma kupanga kuondoka saa nne?

Kwa pwani hii ya Dar na Unguja, siku za bamvua, yaani maji makubwa, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa kwenye saa nne. Tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Maana yake saa nne yenu boti ilikuwa imetia nanga kule mbali, na wazee wamevua viatu wanakanyaga mwani na mawe huku sufuria iko kichwani. Kweli si kweli?

Kupanga tarehe huanzi na nani yupo likizo, unaanza na mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua. Kati yao, yaani kwenye tarehe 7 au 8 na 21 au 22 za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu, hayajai wala kupwa sana, na hapo saa nne asubuhi unapandia karibu na ufukwe hata na bibi. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, hesabu haihitaji chuo. Na Juni mpaka Agosti kusi likivuma, mkirudi baada ya saa tisa mtatapika mpaka futari ya mwaka jana.

Tena kwa hesabu ya maji, aliyefika saa tano na nusu ndiye aliyewahi. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi.

Kijiti Baharini

😂😂😂 Uzi umegeuka. Shemeji ana elimu ya bahari, nyie hamjui.

Nanga Nzito

Bint, hakuchelewa kwa ajili ya maji! Alichelewa kwa sababu alikuwa KINYOZI! Kapiga picha kiti cha kinyozi akaituma kwenye kundi akaandika "nipo njiani"! Halafu anafika anatuuliza kwani boti inajaa!

Mama Nane

Bahari inajaa na kupwa, boti ya shemeji haijai wala haipwi.

Bint Tanga Mbili

Sikumtetea. Ila saa nne siku ya bamvua, hapana.

Msomali wa Ukerewe

Nicheke nanyi kidogo halafu niseme. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama Ziwa Victoria karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018, uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walipita 200. Waliokufa, sijahesabu waliookolewa. Kila mmoja alikuta boti "haijajaa". TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara, hawaandiki ile namba kwa ajili ya mapambo, na kwa Unguja na Pemba ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Nahodha anayekubali kuongeza kwa elfu kumi kumi, shuka wewe.

Fundi Mashine

Hapo umetunyamazisha, mkuu. Sahihi kabisa.

Mbeba Hotipoti

Je, alipanda au hakupanda? Mbona hatuambiwi mwisho?

Nanga Nzito

Nahodha aligoma kuwasha mashine. Baadaye zikaongezwa pesa boti ikapiga safari mbili, na hiyo ya pili ikalipwa na fungu la dharura. SASA NISIKILIZENI. Kafika kisiwani, kashuka, kaketi kwenye banda la kwanza lenye kivuli, lile lililowekwa kwa ajili ya shangazi, kanitazama akasema, "Umeona? Tumeenea." TUMEENEA! Kwani boti inajaa, halafu tumeenea!

Na alikuja na maandazi kwenye mfuko mweusi wa rambo. Katazo la mifuko ya plastiki ni la tangu Juni 1, 2019, na pale ni eneo tengefu la bahari. Aliutoa wapi? Aliurithi?

Mama Nane

Maandazi yalikuwa mangapi?

Nanga Nzito

Manane. Kwa wanane wao.

Mtu wa Houston

Nyie mnalilia dakika ishirini za boti. Njooni huku Marekani mratibu safari ya ukoo kwa meli ya anasa, siku tano kutoka Galveston, vyumba kumi. Huku chumba kinauzwa kwa watu wawili. Ukilala peke yako unalipia na mto wa mwenzako. Sasa shemeji wa huku (ni yuleyule, alihama) anasema "niwekeni na yeyote", anawekwa na mjomba. Malipo ya mwisho huwa kama siku 90 kabla ya safari. Siku ya 80 anaandika "jamani mimi mwaka huu sitaweza", na hapo adhabu ya kujitoa imeshaanza, amana imekwenda, na mjomba analipia chumba kizima.

Wengine jina la kwenye tiketi "Mama Junior". Pasipoti haina Mama Junior! Herufi zifanane na za pasipoti, tena mziangalie kabla ya malipo ya mwisho, siyo bandarini. Wenye uraia wa Marekani wanaweza kupita na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha kwa safari inayorudi bandari ileile, basi binamu mwenye kadi ya kijani tu, asiye raia, naye anaacha pasipoti nyumbani, kwa sababu "mbona fulani alipita". Anaweza kupungiwa mkono na meli. Ile haisubiri mtu aliye kwa kinyozi.

Na wakisikia bakshishi, ya kila kichwa kila siku, hata mtoto, kundi linakuwa kimya kama msiba.

Mama Nane

Mtu wa Houston, ile nafasi ya bure kwa kila vyumba vinane wanayopewa wanaoratibu, nani anaila?

Mtu wa Houston

Inategemea kampuni.

Mama Nane

Sijauliza kampuni.

Kijiti Baharini

😂😂 Ameshuka bandarini ghafla.

Mbeba Hotipoti

Nami nilitaka kuuliza hilohilo kwa Nanga Nzito. Boti laki nne. Nahodha alipewa laki nne, au alipewa laki tatu na nusu?

Nanga Nzito

Uzi unahusu mtu aliyekuja na watu saba!

Mbeba Hotipoti

Sawa. Nahodha alipewa ngapi?

Mla Ukoko

Nimechelewa kuingia, nimesoma toka juu, nina swali moja zito. Chakula laki tatu kwa watu 20, mchele kilo ngapi?

Nanga Nzito

Kilo tatu. Kilo kwa watu sita mpaka saba ndiyo kawaida.

Mla Ukoko

KILO TATU? Kawaida ya msibani hiyo! Mtu aliyetoka kuogelea hali kama mtu aliyetoka kulia. Ufukweni kilo ni ya watu wanne, watano wakiwa wastaarabu. Kwa 20 ni kilo nne mpaka tano. Shemeji angekuja na saba au asingekuja, mngelala njaa vilevile.

Bint Tanga Mbili

Afadhali umesema. Ilikuwa pilau au wali wa nazi?

Nanga Nzito

Wa nazi.

Mla Ukoko

Allah.

Bint Tanga Mbili

Umepikwa alfajiri, umefunikwa ungali na moto kwenye ndoo ya plastiki, umekaa juani kumngoja mtu wa kinyozi, halafu mnafungua saa nane. Ulikuwa unavuta utando kama bamia. Wali wa nazi hausafirishwi jamani. Ni pilau kavu, mafuta badala ya nazi, uachwe utoe mvuke kwanza ndipo ufunikwe. Kachumbari mnabeba nyanya nzima na vitunguu vizima, mnakatia kulekule. Ukikata nyumbani ukatia na chumvi, unafika na supu.

Mama Nane

Pilau kavu bila viazi siyo pilau.

Mla Ukoko

Viazi kwenye pilau ni mambo ya mikahawa ya barabarani. Futa.

Mama Nane

Ufute wewe. Pilau ya watu 20 bila viazi unaongeza nyama, na nyama imefia kwa wakala.

Fundi Mashine

Mimi nakula na viazi, na mashine zangu zinawaka.

Mtu wa Houston

Huku mchele wa basmati, kilo unaijaza watu wanane, unajitanua.

Mla Ukoko

Unajitanua, haushibishi. Ni kama shemeji.

Nanga Nzito

Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Mtu amesimama ufukweni na watu saba, hajalipa, akasema KWANI BOTI...

Mama Nane

Tumesikia, Nanga. Hiyo kilo tatu mlipikia sufuria namba ngapi?