Zagreb kwenda Ljubljana: mpaka upo au umeondolewa?

Shikamooni wakubwa. Nina kibali cha ukaazi cha Kroatia na Jumamosi nakwenda harusini Ljubljana kwa basi. Mmoja kaniambia mpaka umeondolewa, mwingine kasema polisi wapo. Nishike lipi?

---

Marahaba mdogo wangu. Wote wamekwambia kweli. Kroatia iliingia Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi mipakani mwao, 1 Januari 2023, siku ileile ilipoanza kutumia yuro. Lakini 21 Oktoba mwaka huohuo Slovenia ikarudisha ukaguzi kwa sababu za usalama, na imekuwa ikiuongezea muda. Chukua pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi, zenyewe, si picha kwenye simu. Hawasimamishi kila gari, ila mimi pale mpakani Obrežje askari alipanda basini akanifungua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, abiria wote kimya wananisubiri. Unaruhusiwa siku 90 ndani ya 180, bila kufanya kazi.

Sisi wa zamani tunajua thamani ya hiyo kadi yako. Kabla ya 2023 wenzetu wa Ljubljana walikuja Zagreb kula ugali kwa kadi zao za Slovenia. Sisi kuwarudishia ziara, mpaka viza. Nilikosa arobaini ya mtoto wa rafiki yangu hivyo, na kwao si mbali, saa mbili tu barabarani.

Ndiyo maana nafuatilia sana mambo ya hawa majirani. Walijitangazia uhuru kutoka Yugoslavia siku moja, 25 Juni 1991, wala hawakupigana wao kwa wao. Kilichowagombanisha ni Ghuba ya Piran, bahari wanayopakana: Slovenia inataka njia yake ya kufika bahari kuu. Kwa ugomvi huo iliyazuia mazungumzo ya Kroatia kuingia Umoja wa Ulaya, hadi mawaziri wakuu wa wakati huo, Pahor wa Slovenia na Kosor wa Kroatia, walipokubaliana mwaka 2009 kwenda kwa wasuluhishi. Mwaka 2015 mazungumzo ya siri kati ya msuluhishi wa Slovenia na ofisa wa serikali yake yakavuja, Kroatia ikajitoa. Hukumu ya wasuluhishi ya 2017, Kroatia inaikataa hadi leo. Na bado kinu cha nyuklia cha Krško wanakimiliki nusu kwa nusu, umeme wanagawana! Serikali zikielewana, sisi tunahudhuria harusi.

---

Asante sana dada. Na mwanangu wa miaka minne?

---

Pasipoti yake na kadi yake mwenyewe. Ziangalie leo kama hazijaisha muda.